Kufundisha Ughaibuni kama Mhadhiri Mgeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka wenzangu walioanza kazi karibuni hunijia na maswali yaleyale. Mmoja ana barua ya mwaliko mkononi na hajui viza ya kuomba, mwingine amesharudi na bado anaandikiwa na wanafunzi aliowaacha. Mimi nafundisha takwimu, na nimeifundisha katika nchi kadhaa: mara wiki mbili, mara muhula, na mara moja mwaka mzima. Nimeyaandika majibu haya nikimfikiria mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza.

Mhadhiri mgeni ni nani hasa?

Ni mwalimu wa chuo kikuu anayekwenda kufundisha katika chuo kingine kwa muda wenye mwanzo na mwisho, huku akibaki mtumishi wa chuo chake. Anaweza kuitwa kutoa mihadhara mitatu ndani ya wiki moja, kubeba kozi nzima ya muhula, au kukaa mwaka akifundisha na kutafiti. Kazi hii ni ya zamani. Erasmus wa Rotterdam alifundisha Kigiriki Cambridge kati ya 1511 na 1514. Albert Einstein alikuwa mgeni wa chuo cha Caltech, California, kwa majira matatu ya baridi mfululizo, kuanzia mwisho wa 1930 hadi mwanzoni mwa 1933.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mhadhiri mgeni hana hizo siku mbili. Jembe analikuta mlangoni, na siku ya kulirudisha imeshaandikwa kwenye mkataba. Mtaniona nikirudia jambo hilo: wewe utaondoka, wanafunzi watabaki. Panga kazi yako ukihesabu kutoka siku ya kuondoka kurudi nyuma.

Nianzie wapi nikitaka kualikwa?

Kwa mtu anayeijua kazi yako. Mialiko mingi niliyopata ilitoka kwa watu niliowahi kukutana nao kwenye kongamano, au waliosoma makala yangu wakaniandikia. Ukiwa wewe ndiye unayeandika, andika barua pepe fupi yenye mambo matatu: jina la kozi unayoweza kuifundisha, muhtasari wake wa ukurasa mmoja, na miezi uliyo huru. Anayeandika kwamba yuko tayari kufundisha chochote huwa anamwachia mwenyeji kazi ya kufikiri, na mwenyeji ana shughuli zake.

Njia ya pili ni mipango rasmi ya kubadilishana walimu. Mpango wa Fulbright wa Marekani ulianzishwa 1946 kwa sheria iliyopendekezwa na Seneta J. William Fulbright, nao huwapeleka Wamarekani nje na kuwaleta wageni kwao. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi lililoanzishwa 1925, lina mpango wa kuvisaidia vyuo vya Ujerumani kuwaleta wahadhiri kutoka nje. Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya hugharimia walimu wanaokwenda kufundisha kwa muda usiozidi siku 60, kwa sharti la kufundisha saa zisizopungua 8 kwa wiki. Ila Erasmus+ inataka vyuo viwili viwe vimeshasaini makubaliano. Kwa hiyo kabla hujamwandikia mtu yeyote, pita ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo chako, uliza wana makubaliano na vyuo vipi. Mwenzangu mmoja alihangaika mwaka mzima kutafuta mwaliko, kumbe makubaliano yalikuwa kabatini ghorofa ya chini.

Anza mapema. Mipango mingi hufunga maombi karibu mwaka mmoja kabla ya safari.

Barua ya mwaliko iwe na nini?

Iwe na kila kitu ambacho hutaki kukibishania ukiwa umeshafika.

Safari moja chuo kimoja kiliniita kufundisha "kozi moja". Nikakubali kwa furaha, nikajiandaa kwa saa 4 za darasa kwa wiki. Nilipofika nikaonyeshwa ratiba: kozi ni moja kweli, lakini wanafunzi wamegawanywa makundi matatu, na kila kundi linataka mhadhara wake. Saa 12. Hakuna aliyenidanganya. Neno "kozi" kwao lilikuwa na maana nyingine, na mimi sikuuliza. Utafiti niliopanga kuufanya muhula ule haukufanyika.

Tangu siku ile huwa naomba barua itaje haya: cheo nitakachopewa, tarehe ya kuanza na kumaliza, kozi na idadi ya makundi, dakika za darasa kwa wiki, makadirio ya idadi ya wanafunzi, nani atatunga mtihani na nani atausahihisha, nani anaishughulikia mitihani ya marudio, nani analipa nauli, nyumba na bima, na kama nitapata ofisi. Nasema dakika kwa makusudi. "Saa" ya masomo ina dakika 45 Ujerumani, na kwa kawaida dakika 50 Marekani, kwa hiyo saa 4 za mahali pamoja si saa 4 za pengine.

Hilo la mitihani ya marudio wengi hulisahau. Mtihani wa marudio hufanyika umeshaondoka.

Nahitaji viza ya aina gani?

Inategemea nchi, muda utakaokaa, na kama utalipwa na chuo mwenyeji. Kosa kubwa ni kudhani viza ya utalii inatosha kwa sababu "ni mihadhara tu". Kufundisha ni kazi, na afisa wa uhamiaji atakuuliza unakwenda kufanya nini.

Marekani, wahadhiri wengi wageni huingia kwa viza ya J-1 ya kubadilishana wageni. Chuo mwenyeji hukutumia fomu ya DS-2019 na wewe ndipo unakwenda ubalozini. Kundi la msomi wa muda mfupi lina kikomo cha miezi 6; kundi la profesa na mtafiti linaweza kufika miaka 5. Chagueni kundi kwa uangalifu, maana ukimaliza programu katika kundi la profesa na mtafiti, huwezi kurudi katika kundi hilohilo mpaka miezi 24 ipite, hata kama ulikaa muhula mmoja tu. Ikiwa safari imegharamiwa na serikali, yako au ya Marekani, unaweza pia kutakiwa kurudi nchini kwako kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa aina fulani za viza. Soma viza na fomu yako siku ileile unapopewa. Sharti hilo huandikwa humo.

Kwa mihadhara michache, Marekani humruhusu mgeni mwenye viza ya biashara au matembezi kupokea posho ya heshima kwa shughuli isiyozidi siku 9 katika chuo kimoja, na kwa vyuo visivyozidi 5 ndani ya miezi 6. Uingereza nayo humruhusu mgeni aliyealikwa kufanya kazi ya malipo ya utaalamu wake ndani ya siku 30 za mwanzo, mradi shughuli iwe imepangwa kabla ya kusafiri. Kwa nchi za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja ya muda mfupi, viza ya muda mfupi ina kikomo cha siku 90 katika kila siku 180. Muhula mzima hauingii humo, kwa hiyo omba viza ya kitaifa ya muda mrefu ya nchi unayokwenda.

Sheria hizi hubadilika. Hakiki kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe wiki unayojaza fomu, usitegemee kumbukumbu ya mtu aliyekwenda miaka mitano iliyopita, mimi nikiwemo.

Pasipoti yangu inaisha mwakani. Kuna shida?

Ipo. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 zaidi ya safari. Badilisha kabla ya kuomba viza.

Vyeti vyangu vitakubalika?

Mara nyingi wataomba vyeti vilivyothibitishwa. Nchi zilizo katika Mkataba wa Hague wa 1961 hupokeana hati zenye muhuri wa apostili, unaothibitisha kwamba hati ni ya kweli. Kama nchi yako au ile unayokwenda haimo, hati hupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na hapo ongeza wiki kadhaa. Nakala za shahada ya uzamivu na cheti cha kuzaliwa ndizo nilizoombwa mara nyingi zaidi.

Malipo yakoje, na kodi je?

Malipo yana sura tatu: mshahara, posho ya kujikimu, au posho ya heshima ya mara moja. Uliza ni ipi, maana kila moja hutozwa kodi kwa namna yake. Uliza pia pesa itaanza kuingia lini. Ili ulipwe unahitaji akaunti ya benki, ili ufungue akaunti mara nyingi unahitaji anwani, na kupata anwani kuna foleni zake. Ujerumani, kwa mfano, unatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia nyumba, na namba ya kodi hukujia kwa posta baada ya hapo. Nenda na akiba ya miezi miwili. Nimewahi kukaa wiki saba bila kuona malipo, na sikuwa nimedhulumiwa. Karatasi zilikuwa njiani.

Kuhusu kodi, angalia kama nchi zenu mbili zina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Mikataba mingi ina kifungu kuhusu walimu na watafiti, na mara nyingi msamaha ni wa miaka miwili. Baadhi ya mikataba ina ukali: ukipitiliza muda huo unapoteza msamaha kuanzia siku ya kwanza uliyofika. Msamaha haujileti wenyewe, lazima uuombe. Marekani huombwa kwa fomu 8233, unayoikabidhi kwa ofisi ya malipo ya chuo kabla ya malipo ya kwanza.

Bima ya afya ya nyumbani inatosha?

Karibu kila mara haitoshi. Mwenye J-1 anatakiwa kuwa na bima inayolipa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu na dola 25,000 za kurudisha mwili. Viza ya Schengen ya muda mfupi inataka bima ya angalau euro 30,000. Zaidi ya kiasi, uliza kama inalipia ugonjwa ulio nao tayari. Dawa zako ziache kwenye vifungashio vyake, na ubebe barua ya daktari inayotaja jina la dawa yenyewe, si jina la kibiashara pekee.

Kama njia yako inapita nchi zinazodai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Nifike siku ngapi kabla ya kuanza kufundisha?

Wiki moja ndiyo haba yake, na mbili ni bora. Mwili huchukua takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti ya majira, na kwenda mashariki ni kugumu zaidi kuliko kwenda magharibi. Ukivuka tofauti ya saa 8 kuelekea mashariki, ukaingia darasani kesho yake, utakuwa unasimama mbele ya watu katikati ya usiku wako. Mwanga wa jua ndio unaorekebisha saa ya mwili haraka, kwa hiyo toka nje mchana, tembea, usijifungie chumbani ukilala. Mwenye J-1 huruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye DS-2019. Zitumie.

Angalia pia kalenda. Japani mwaka wa masomo huanza Aprili, Australia karibu na Februari au Machi, na Ujerumani muhula wa baridi huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Oktoba ingawa mihadhara huanza katikati ya mwezi. Huko Ujerumani ukiona herufi "c.t." pembeni ya saa kwenye ratiba, mhadhara huanza dakika 15 baadaye. Kama ni "s.t.", ni saa ileile iliyoandikwa.

Nina kozi niliyoifundisha miaka kumi. Niibebe ilivyo?

Ibebe, lakini uwe tayari kuifungua na kuifunga upya. Nitaeleza kwa kisa kimoja, maana ndicho kilichonifundisha zaidi.

Muhula wangu wa kwanza Ujerumani niliandika ubaoni ukubwa wa sampuli: 1,500. Chini yake nikaandika 0.05. Nikaendelea kueleza kwa dakika kumi nzima, nikaona kalamu zimesimama. Binti aliyekaa safu ya mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu sampuli inawezaje kuwa na mtu mmoja na nusu. Pale ndipo nilipoelewa. Kwao mkato ndio unaotenganisha desimali na nukta ndiyo inayotenganisha maelfu, kinyume kabisa na nilivyozoea. Nilichokiandika mimi kama elfu moja na mia tano, wao walikisoma moja na nusu. Slaidi zangu zote 300 zilikuwa zimeandikwa hivyo.

Hapo bado. Kwa Kijerumani, na kwa Kifaransa pia, namba yenye sifuri tisa huitwa "Milliarde" au "milliard", na neno linalofanana na "bilioni" ni la sifuri kumi na mbili. Tena wanafunzi wengi wa Ulaya bara huandika 1 kwa mkono wakianza na mstari mrefu unaopanda, ikawa kama 7, ilhali 7 yao hukatwa kwa mstari katikati. Katika zoezi la kwanza nilisoma 1 za watu kama 7, nikawakata alama. Kijana mmoja alikuja ofisini na karatasi yake, akaweka kidole juu ya tarakimu, hakusema neno. Nilizikusanya tena karatasi zote 64 nikazisahihisha upya usiku ule, na asubuhi nikawaomba radhi darasani.

Kila fani ina mkato na nukta yake. Mwanasheria atakuta mfumo wa sheria ni mwingine, mhandisi atakuta viwango na vipimo vingine, mwalimu wa fasihi atakuta wanafunzi hawajasoma vitabu anavyodhani kila mtu amevisoma. Omba mtihani wa mwaka jana wa kozi inayotangulia yako. Karatasi ile itakuambia wanafunzi wanajua nini na wanakiandika vipi, kuliko muhtasari wowote wa kozi.

Na usijaze kozi. Mgeni hupenda kuonyesha yote aliyo nayo kwa sababu anajua hatarudi. Punguza robo ya mada, utaona utakavyozihitaji dakika hizo.

Darasa liko kimya kabisa. Hawanielewi au hawanipendi?

Usiamue wiki ya kwanza. Ukimya una sababu nyingi: wengine wanatafsiri kichwani, wengine wamelelewa kumsikiliza mwalimu mpaka amalize, wengine wanaogopa kukosea mbele ya wenzao, na wengine wanasubiri utaje jina lao.

Kuuliza "mmeelewa?" hakusaidii popote duniani. Ninachofanya mimi ni kutoa swali, kuwapa dakika mbili waandike jibu peke yao, dakika mbili nyingine wazungumze na jirani, kisha naliuliza kundi la wawili, si mtu mmoja. Aliyekwishakulisema jibu kwa jirani yake hulisema kwa sauti bila hofu.

Njia nyingine ni vikaratasi. Dakika tano kabla ya kutoka, kila mtu aandike jambo moja ambalo halijamkaa sawa, bila jina. Safari moja nilikusanya vikaratasi 41, nikavimwaga mezani jikoni usiku ule, na 29 vilikuwa vinauliza jambo moja. Nilikuwa natumia herufi ya Kigiriki sigma kwa mtawanyiko wa umma wote, yaani wote wanaochunguzwa, na wa sampuli pia, kwa mazoea tu. Wao walifundishwa kwamba sigma ni ya umma na s ni ya sampuli, na walikuwa sahihi. Wiki mbili nzima walikuwa wananisikiliza wakiwa wamepotea, na heshima iliwazuia kunikatiza. Kipindi kilichofuata nilianza na ubao mtupu na herufi hizo mbili. Darasa likafunguka.

Lafudhi yangu ni tatizo?

Si lafudhi, ni mwendo. Sema polepole, andika maneno mapya ubaoni, na weka slaidi mahali wanafunzi wanapoweza kuzisoma kabla ya kipindi. Epuka mafumbo na misemo ambayo haina maana nje ya kwenu. Ukiwa wewe ndiye usiyewaelewa wao, omba warudie bila kuona aibu. Wanafunzi wengi hustarehe wakimwona mwalimu naye anajitahidi na lugha ya pili.

Alama nitoe vipi?

Kwa vipimo vyao, hata kama vinakuuma. Asilimia 70 Uingereza ni daraja la kwanza, kazi ya kupongezwa. Marekani 70 ni C. Ufaransa husahihisha juu ya 20, na 10 ndiyo ya kufaulu. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, na 5.0 ni kufeli. Ukiingiza namba kwa mazoea ya kwenu, unaweza kumharibia mtu nafasi ya ufadhili bila kujua.

Kabla ya kusahihisha, omba karatasi tano za mwaka jana zilizosahihishwa: moja nzuri sana, moja dhaifu na tatu za katikati. Zisahihishe wewe kwanza bila kuangalia alama, kisha linganisha. Zoezi hilo la jioni moja limeniokoa mara nyingi. Uliza pia kuhusu mzigo wa kazi: katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, mkopo mmoja, yaani kipimo cha uzito wa kozi, ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kozi ya mikopo 3 haiwezi kubeba insha nne.

Naweza kubandika matokeo mlangoni?

Usifanye hivyo. Marekani, sheria ya 1974 ijulikanayo kama FERPA inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, na Umoja wa Ulaya una GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018. Majina pamoja na alama ni taarifa binafsi. Mimi nilibandika mara moja, nikiona nawasaidia wasisubiri mfumo wa kompyuta. Katibu wa idara aliitoa karatasi ndani ya robo saa na kunieleza taratibu. Kuna mwanafunzi aliyekuwa amefeli na wenzake walishaiona. Sikuwa na namna ya kulirudisha hilo.

Kwa sababu hiyohiyo, usipeleke alama kwa barua pepe yako ya binafsi. Tumia ya chuo mwenyeji.

Wameniomba nisimamie tasnifu. Nikubali?

Hili ndilo swali ninalotaka mlisome mara mbili.

Safari yangu ya kwanza nilikubali wanafunzi wawili wa uzamili. Walikuwa wazuri, mada zao zilinigusa, na nilijua naweza kuwasaidia. Mmoja alimaliza kabla sijaondoka. Wa pili alichelewa kupata data, mkataba wangu ukaisha, nikarudi nyumbani nikiendelea kusoma sura zake kwa barua pepe. Siku ya kuwasilisha akaambiwa kwamba kanuni za chuo zinataka sahihi ya msimamizi mwenye mkataba hai, na mimi sina tena. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa ameisoma kazi ile. Alisubiri muhula mzima mpaka akapatikana msimamizi mpya, naye akataka sura mbili ziandikwe upya kwa mtazamo wake. Binti yule hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye niliyekubali kazi ambayo tarehe yangu ya kuondoka haikuruhusu.

Sasa nakubali kuwa msimamizi mwenza tu. Msimamizi mkuu awe mwenyeji, jina lake liandikwe mwanzoni, na asome kila sura ninayoisoma mimi. Tunaandika kwenye karatasi moja nani atasaini nini, na nitaendelea kujibu kwa miezi mingapi baada ya kuondoka. Mwanafunzi anapata nakala.

Na upweke?

Upo, na huja baadaye kuliko unavyotarajia. Wiki tatu za kwanza kila kitu ni kipya. Karibu na wiki ya nne au ya tano, jioni zinaanza kurefuka. Wenyeji wako wana familia zao, wanafunzi wana ratiba zao, na wewe una chumba chenye meza na taa. Niliwahi kupita Jumamosi na Jumapili nzima bila kusikia sauti yangu mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kuwa na mahali pa kwenda kwa saa maalumu bila kungoja mwaliko: semina ya idara kila wiki hata ikiwa si ya fani yangu, chakula cha mchana pamoja na watumishi badala ya kula ofisini, maktaba jioni. Mlango wa ofisi niliuacha wazi. Simu ya nyumbani niliiwekea siku na saa, nikizingatia tofauti ya majira, ili watoto wajue na mimi nijue. Ukiona usingizi umekimbia na hamu ya kazi imekwisha, mwambie mwenyeji wako au nenda kituo cha afya cha chuo. Walimu huenda huko pia.

Naweza kutembelea nchi za jirani nikiwa huko?

Ndiyo, na ni sehemu ya neema ya kazi hii. Angalia tu kama viza yako ni ya kuingia mara moja au mara nyingi. Ya mara moja ukitoka umetoka. Mwenye J-1 ahakikishe DS-2019 ina sahihi ya ruhusa ya kusafiri, ambayo hutumika kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Usipange safari wiki za kusahihisha. Na ukitaka kutoa mhadhara kwenye chuo kingine, pata kwanza idhini ya maandishi ya chuo kilichokuleta, maana kibali chako kimefungwa kwake.

Intaneti isikusumbue. Kama chuo chako kimo kwenye eduroam, mtandao wa intaneti wa pamoja wa vyuo, simu yako itajiunga yenyewe katika vyuo vya nchi zaidi ya 100 kwa namba ya siri ileile ya nyumbani. Iweke na kuijaribu kabla ya kusafiri.

Nije na familia?

Kwa wiki chache, hapana. Kwa mwaka, ndiyo, mkiweza. Anza na shule za watoto kabla ya nyumba, kwa sababu mara nyingi anwani ndiyo inayoamua shule. Uliza mwenzi wako ataruhusiwa kufanya kazi: Marekani, mwenye viza ya J-2, ya mwenzi na watoto wa mwenye J-1, anaweza kuomba kibali, lakini asianze mpaka akipate mkononi. Mwenzi aliyeacha kazi yake kwa ajili yako hataishi kwa kuangalia dirisha, na jambo hilo lizungumzeni kabla ya kukata tiketi.

Mizigo?

Adapta ya umeme, faili za kozi kwenye fleshi na kwenye barua pepe, na nguo za hali ya hewa ya mwezi wa kuondoka, si wa kufika pekee.

Siku za mwisho nifanye nini?

Zitenge wiki mbili. Kabidhi alama zote pamoja na mwongozo wa kusahihishia na mtihani wa marudio ulioutunga tayari, ili atakayebaki asikisie ulitaka nini. Akaunti ya benki usiifunge mpaka malipo ya mwisho na marejesho ya kodi yaingie. Omba barua ya mkuu wa idara inayotaja kozi ulizofundisha, saa na tarehe. Chuo chako kitaihitaji kwenye kupanda cheo, na baada ya mwaka mkuu huyo anaweza kuwa mtu mwingine.

Kisha kaa ofisini siku moja nzima bila ratiba, tangazo likiwa mlangoni. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo walikuja wanafunzi kumi na mmoja. Wengi walitaka barua za mapendekezo, nikaziandika palepale wakiwa wamekaa mbele yangu, maana nilijua nikiziahidi kwa baadaye zitachelewa. Wa mwisho aliingia saa kumi na moja jioni na daftari lenye maswali manne. Tulimaliza matatu. La nne nililiandika kwenye karatasi pamoja na jina la mwenzangu wa chumba cha pili, tukatoka pamoja, nikagonga mlango wake na kumkabidhi.